Stima ilipotea Ghana, kampuni ikapona

Wasee, ukikaa Sultan Hamud kando ya barabara ya Mombasa hata kwa nusu saa, utahesabu trela mpaka uchoke. Mimi natoka Kasikeu, na tulipokuwa wadogo mchezo wetu tukienda soko ulikuwa kubashiri kontena inayokuja ni ya rangi gani. Zile za kijivu, zenye nyota nyeupe ndani ya boksi la samawati, ndizo zilikuwa nyingi. Maersk. Hatukujua hata ni jina la kampuni. Tulidhani ni jina la nchi.

Sasa leo nataka niwaambie vile hiyo kampuni yote, ambayo wakati huo ilikuwa inabeba karibu moja kwa tano ya kontena za dunia nzima, ilibaki inaning'inia kwa seva moja iliyokuwa Ghana. Na sababu hiyo seva ilibaki hai ni kwamba stima ilikuwa imepotea. Ile kitu sisi hulalamikia kila wiki.

Hii stori wengi wameiona kwa video fupi fupi, na kila mtu anaimalizia kwa kucheka. Mimi siimalizii hivyo. Nina sababu, na nitaisema, hata kama inaniaibisha.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu kinaitwa domeni kontrola. Fikiria hosteli yenye geti. Kwa geti kuna soja mwenye rejista: nani anakaa hapa, chumba gani, funguo zipi. Kila mlango ndani ya hosteli, kabla haujafunguka, unauliza soja: huyu namjua? Ofisi zinazotumia Windows ziko hivyo. Domeni kontrola ndiye soja. Ukiwasha kompyuta asubuhi na kuandika paswadi, si kompyuta yako inaamua, ni soja. Na seva ya imeli ndiyo mteja wake mkubwa. Exchange haijui hata sanduku la barua ni la nani mpaka iulize. Soja asipokuwepo, barua zote ziko hapo, nzima, na hakuna anayeweza kuzisoma.

Na haikuwa hivyo tangu mwanzo. Imeli Kenya ilianza kienyeji kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI, hapa Nairobi, lilikuwa linakusanya ujumbe kwenye kompyuta, halafu simu inapigwa London, mzigo unatumwa wote pamoja, na ule wa kurudi unapokelewa. Kama posta ya basi la usiku. Intaneti kamili ikaja 1995 kupitia ARCC. Wakati ule kama ulituma barua, kopi ilikuwa kwa kompyuta yako mwenyewe. Hakukuwa na soja wa kuulizwa. Ikipotea, imekupotea wewe peke yako.

Baadaye ofisi zikakua, kila mtu akaunganishwa, na soja akaletwa. Kwenye Windows NT, ile ya miaka ya tisini, kulikuwa na kontrola mkubwa mmoja ndiye anaandika rejista, na wengine walikuwa wanakopi kutoka kwake. Hao wengine, rasmi kabisa, kwenye vitabu vya Microsoft, waliitwa domeni kontrola za bakapu. Bakapu! Shikilia hilo neno, kwa sababu mimi nadhani ndilo lilituharibia kizazi kizima cha watu wa IT. Hazikuwa bakapu. Zilikuwa masoja wa zamu. Mkubwa akiandika upuzi kwa rejista, wao wanaukopi upuzi huohuo, kwa uaminifu wote.

Februari 2000 Windows 2000 ikatoka na Active Directory. Sasa hakuna mkubwa: kontrola zote ni sawa, yeyote anaweza kuandika, na wanapashana habari. Mwaka huohuo Exchange 2000 ikaacha kuweka orodha yake yenyewe ya watu na ikaanza kutegemea Active Directory moja kwa moja. Lile jina la bakapu likaondolewa kwa vitabu. Lakini kwa vichwa vya watu halikutoka. Mpaka leo uliza msee yeyote wa IT mbona hana bakapu ya kontrola zake, atakuambia, "Niko na mbili, moja ikikufa nyingine iko."

Maersk walikuwa na karibu 150.

Jumanne, tarehe 27 Juni 2017. Mimi nilikuwa darasa la nane. Treni ya SGR ilikuwa imeanza kubeba abiria mwezi huohuo na sisi huku hatukuwa na stori nyingine. Huko Ukraine kulikuwa na programu ya hesabu za kodi inaitwa M.E.Doc, karibu kila mtu mwenye biashara huko anaitumia. Wadukuzi waliingia kwenye seva za wale wanaoitengeneza na kupenyeza sumu kupitia njia ya kusasisha programu. Baadaye, Februari 2018, Marekani na Uingereza zilisema wazi ilikuwa kazi ya jeshi la Urusi dhidi ya Ukraine. Ile sumu ikapewa jina NotPetya. Ilionyesha ujumbe wa kudai dola 300 kwa bitcoin, lakini hiyo ilikuwa geresha tu. Hata ukilipa hakukuwa na funguo ya kukurudishia. Kazi yake ilikuwa kuharibu.

Na ilikimbia vile moto hukimbia kwa nyasi kavu. Ilitumia silaha mbili. Moja ni EternalBlue, iliyotengenezwa na majasusi wa NSA wa Marekani ikaibwa na kumwagwa hadharani Aprili 2017. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka Machi. Ya pili ilikuwa ya kuchota paswadi kutoka kwa kumbukumbu ya kompyuta, kwa hivyo hata kama yako ina kiraka, jirani yako asipokuwa nacho, sumu inachukua paswadi kwake na kuingia kwako kwa mlango wa mbele, kwa jina la bosi.

Maersk walikuwa na ofisi Odessa. Kompyuta moja hapo iliwekewa M.E.Doc. Moja. Hiyo ilitosha.

Skrini zikazimika Copenhagen, zikazimika kila mahali. Kwa bandari 76 ambazo kitengo chao cha APM kilikuwa kinaendesha, 17 ziligeuka mageti yaliyofungwa na foleni ya malori. Hapa Mombasa kreni ni za KPA na mfumo wao wenyewe, kwa hivyo usiniwekee maneno mdomoni. Lakini ukitaka kuwekea mzigo wako nafasi kwa meli ya Maersk, popote ulipo, njia ilikuwa imekufa. Watu wa mauzo walipoteza imeli, wakapoteza hadi namba za wateja, wakaanza kupokea oda kwa WhatsApp na Gmail zao binafsi. Kampuni ya meli za tani laki na ushee inaendeshwa kama duka la mitumba la mtandaoni.

Wakaenda Maidenhead, Uingereza, wakafungua kituo cha uokoaji. Na hapa ndipo stori yenyewe iko. Seva nyingi za kawaida walikuwa na bakapu zake, za kati ya siku tatu na saba kabla ya shambulio. Safi. Lakini seva zitarudi ziulize nani aingie? Wakatafuta bakapu ya domeni kontrola. Hakuna. Zile 150 zilikuwa zimepangwa zipashane habari, kila moja iwe ndiyo bakapu ya zingine. Hakuna aliyewahi kufikiria siku ambayo zote zitafutwa pamoja.

Wakapiga simu dunia nzima, ofisi moja baada ya nyingine. Mwishowe wakapata moja. Ghana. Stima ilikuwa imepotea huko kabla sumu haijafika, kontrola ikazimika, na ilipozimika hakuna kitu kingeweza kuigusa. Rejista nzima ya kampuni ilikuwa ndani ya hilo boksi moja.

Intaneti ya hapo ilikuwa nyembamba, data ni mamia ya gigabaiti, ingechukua siku nyingi. Wakasema basi mtu apande ndege aje nayo. Hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na visa ya Uingereza. Kwa hivyo ikawa mbio za kupokezana kijiti: msee wa Ghana akaruka hadi Nigeria, akampa mwenzake diski hapo uwanja wa ndege, huyo wa Nigeria ndiye akapanda ndege hadi Heathrow. Hebu waza umebeba diski kwa begi, uko kwa foleni ya usalama, na ndani yake kuna kampuni yote. Na mwenzako hakuweza kuifikisha mwenyewe kwa sababu ya muhuri wa pasipoti.

Baadaye mwenyekiti wao, Jim Hagemann Snabe, alisema kule Davos kwamba waliweka upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 kwa siku kumi. Hasara wakaikadiria kati ya dola milioni 250 na 300. Na kuna kitu hakipendi kusemwa kwa zile video: kabla ya shambulio, watu wao wa usalama walikuwa washapendekeza mpango wa kuboresha mfumo, ukapitishwa, pesa zikaonekana, halafu haukufanywa. Haukuwa kwenye malengo ambayo mabosi wanapewa bonasi wakiyatimiza.

Sasa zile kicheko. "Afrika imeokoa dunia kwa blakauti." Sawa, inachekesha. Sisi wenyewe tuna yetu: Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma kwa kituo cha umeme cha Gitaru, na Kenya nzima ikaingia giza kwa masaa. Tumbili akapona. Lakini mimi nikisikia watu wanasema blakauti iliokoa Maersk, najisikia vibaya, kwa sababu mimi blakauti haikuniokoa. Ilinichoma.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Sitazunguka hapo. Nikapata kibarua kwa ofisi moja, jina sisemi, inayolipia watoto wa sekondari karo. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha wino wa printa, kurudisha watu paswadi, na kila asubuhi kufungua programu ya bakapu, kuona kama alama ni ya kijani, na kuandika kwa kitabu: tarehe, SAWA, sahihi. Aliyeniachia hiyo kazi alinionyesha kwa dakika mbili. Nikaandika SAWA kwa miezi saba.

Kulikuwa na kontrola mbili. Walizipa majina Simba na Swara. Simba ndiyo ya zamani, Swara iliongezwa baadaye. Programu ya bakapu iliwekwa kabla Swara haijazaliwa, na iliambiwa kwa jina: nenda kwa Simba. Hakuna aliyerudi kuibadilisha. Na kwa Simba iliambiwa ikopi mafoda. Sasa, ile rejista yenyewe ya Active Directory ni faili ambalo Windows inalishikilia wazi muda wote. Kwa mipangilio kulikuwa na mahali pamewekwa alama: faili lililo wazi, liruke. Kwa hivyo kila usiku ilikopi kila kitu cha Simba isipokuwa kitu kimoja ambacho kilifanya Simba awe Simba. Na inatoa kijani, kwa sababu ilifanya ilivyoambiwa.

Swara nayo ilihamishwa chumba, ikabadilishiwa anwani ya netiweki, na tangu siku hiyo haikuongea tena na Simba. Miezi minane. Ilikuwa inawaka taa, feni inazunguka, kila mtu anaona iko.

Stima ikapotea usiku mmoja, ikarudi kwa kishindo. Simba ikaungua diski.

Asubuhi hakuna imeli. Nikasema si shida, Swara iko. Swara haikuwajua wafanyakazi walioajiriwa mwaka huo. Mbaya zaidi, haikuitambua hata seva ya imeli, kwa sababu kompyuta nazo zina paswadi zao na huzibadilisha zenyewe kila mwezi hivi, na Swara ilikuwa na ya kitambo. Nikasema si shida, tuko na bakapu. Kufungua programu ya bakapu, inataka niingie kwa akaunti ya domeni. Funguo za stoo ziko ndani ya stoo.

Barua zenyewe hazikupotea hata moja. Fundi alitoka Nairobi, akaifanya Swara iwe mkubwa, akaipatanisha na seva ya imeli, akaunda wafanyakazi upya mmoja mmoja na kuwaunganisha na masanduku yao. Siku tisa. Lakini muhula ulikuwa umefunguliwa, na orodha ya watoto waliopitishwa na wafadhili ilikuwa ndani ya hizo imeli. Shule hazingoji domeni kontrola. Watoto wakarudishwa nyumbani. Mmoja ni jirani yetu hapa Kasikeu, kidato cha tatu. Mama yake alinikuta dukani akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, wewe si ndiye unafanya na kompyuta za huko?" Nikasema ndiyo, mama. Hakuongeza neno. Nilitamani anitukane.

Sahihi zote kwa kile kitabu ni zangu. Hakuna aliyenifukuza, mkataba uliisha tu. Tangu hapo nimesoma hii kitu kuliko nilivyowahi kusoma chochote nikiwa kampasi, na ninajua sasa ni nini hakikufanywa.

Rejista inabebwa kama hali ya mfumo mzima, si kama mafoda, na inabebwa kutoka kontrola angalau mbili zilizo mahali tofauti. Programu usiipe jina la kontrola moja na kuondoka. Iache itafute kwa jina la domeni, ipate yeyote aliye hai. Akaunti ya kufungulia bakapu isitegemee domeni hiyohiyo unayotaka kuiokoa. Kuna paswadi moja ya kurudisha Active Directory ambayo huwekwa siku kontrola inaundwa na kila mtu huisahau. Iandike kwa karatasi, ifungiwe kwa droo. Na siku ya kurudisha, rejista kwanza, imeli baadaye.

Kuna mitego miwili ambayo nilidhani ni porojo mpaka nikaielewa. Wa kwanza: ukifuta mtu kwa Active Directory haondoki mara moja, anaachiwa alama ambayo Microsoft wenyewe wameiita jiwe la kaburi. Linakaa siku 180, kwa mifumo ya zamani zaidi 60, ili kontrola zote zipate habari za msiba. Ukirudisha bakapu iliyozidi hizo siku, mawe yashaondolewa, na uliowafuta wanafufuka. Kwa hivyo bakapu ya mwaka jana si hazina. Wa pili ni wa wale wanaopiga picha ya mashine nzima na kuirudisha. Kontrola hupashana habari kwa namba, kama miniti za chama: nimefika ya 500, niambie ya 501. Ukimrudisha mmoja kimyakimya hadi 300, wenzake wanakumbuka walishamsikia hadi 500. Chochote atakachosema kuanzia 301 hadi 500 wanapuuza. Hakuna ugomvi, hakuna kelele, wanaacha tu kusikizana. Windows Server ya 2012 iliweka kinga kwa mashine zinazoishi ndani ya programu, lakini nimekutana na ofisi ambazo bado ziko na ya 2008.

Susu wangu hajui seva ni nini. Lakini mbegu ya mahindi hajawahi kuiweka kwa ghala pamoja na mahindi ya kula. Anaitundika jikoni juu ya moto, ndani ya moshi. Nilimwuliza mbona, na magunia yako mengi. Akanitazama kama mtu asiye na akili nzuri. Wadudu wakiingia ghalani hawahesabu magunia, akasema.

Siku hizi naangalia netiweki ya shule moja ya huku, kontrola mbili, seva ya imeli ndogo tu. Kila mwisho wa mwezi nachukua diski iliyofungiwa kwa kabati, naenda nayo nyumbani, narudisha kila kitu kwa kompyuta ya zamani isiyounganishwa na chochote, halafu najaribu kuingia kwa imeli ya mwalimu mkuu. Mwezi uliopita ilikataa. Nilikaa nayo hadi saa nane usiku, moyo unadunda, nikiona ile miezi saba inarudi. Kumbe ni saa. Ile kompyuta betri yake ndogo imekufa, saa yake ilikuwa nyuma kwa dakika kumi na moja, na soja hakubali ukizidi tano. Nikasogeza saa, ikafunguka. Kwa kitabu sikuandika SAWA. Niliandika: betri, shilingi mia moja.